Kitako chepesi cha bunduki ya binamu

Najua niliahidi kuendelea na ile habari ya hifadhidata, na itakuja, lakini leo naomba mniruhusu nitoke nje ya mada kidogo. Ni habari ya bunduki. Kabla hamjashtuka: mimi mwenyewe sijawahi kufyatua bunduki hata mara moja, sina leseni, na katika mkasa huu wote hakuna bunduki iliyovuka mpaka kuingia Kenya. Kulikuwa na ubao wa saipresi tu. Ubao huo ulitusimamisha kwenye kizuizi cha polisi, lakini nitafika huko.

Nianze na mjomba, ndugu mkubwa wa mama. Alikuwa seremala hapa Kitale miaka ya sitini na sabini. Alitengeneza viti na milango kama maseremala wote, ila kazi iliyompa jina ilikuwa vitako vya bunduki. Wazungu wa mashamba na watu wa safari walimletea bunduki zilizopasuka shingo ya kitako, naye alichonga kingine kwa mbao ya Elgon olive, ule mti mgumu wa msitu wa Mlima Elgon ambao wafanyabiashara wa mbao wengine huuita Elgon teak. Kisha mwezi Mei 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa michezo, na marufuku hiyo ipo mpaka leo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliibakiza. Mwaka uleule wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Tanzania ukafungwa. Kwa hiyo mjomba alikosa wateja, na hata angetaka kuwafuata upande wa pili, njia haikuwepo. Alisubiri. Mpaka ulifunguliwa mwishoni mwa 1983, na mwaka uliofuata akavuka. Tanzania nayo ilikuwa imefunga uwindaji mwaka 1973, lakini iliufungua tena 1978, kwa hiyo kazi ilikuwepo. Akaoa huko Morogoro, akazaa huko, na huyo binamu ninayemzungumzia ni kitinda mimba wake. Ni Mtanzania kamili, Kiswahili chake chaweza kukufanya uone haya kufungua mdomo.

Binamu ni mwindaji mwanagenzi. Anafanya kazi na kampuni moja ya uwindaji wa kitalii huko kusini, katika sehemu ya Pori la Akiba la Selous iliyobaki baada ya kipande kikubwa kugeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Msimu huanza tarehe 1 Julai, na miezi ya mwanzo wa mwaka huwa hana kazi. Basi Januari 2024 akaja kumwona mama, yaani shangazi yake. Alipiga magoti mlangoni, "Shikamoo shangazi," mama akayeyuka kabisa. Mimi mwanawe huwa nasema "niaje mathe" na kupita jikoni kuangalia sufuria.

Usiku wa kwanza, baada ya ugali, akaniita pembeni.

"Mdogo wangu, wewe si mtu wa kompyuta? Nitafutie kitako chepesi. Chepesi kabisa. Na kiwe kile cha kurekebisha."

Mimi nikasema sawa, kesho utakuwa nacho. Mnanijua.

Kwa wasiojua, kitako ni ule mwili wa bunduki unaoshikwa, wa mbao au wa plastiki, ambao nyuma unaegemea begani na juu unaegemea shavu. Chuma chote cha mbele hukaa ndani yake. Vipimo viwili ndivyo muhimu. Cha kwanza ni urefu kutoka triga hadi mwisho wa kitako. Cha pili ni kimo cha pale shavu linapolala, maana ndicho kinachoamua kama jicho lako litakuwa nyuma ya darubini au chini yake. Kitako cha kurekebisha kinakuruhusu kubadilisha vyote viwili, kama kiti cha dereva.

Hili wazo si geni hata kidogo, ingawa matangazo ya siku hizi yanaliuza kama ugunduzi. Ile Lee-Enfield ya jeshi la Uingereza, ambayo ilizunguka Afrika Mashariki yote katika vita viwili vya dunia, ilikuwa na vitako vya urefu mbalimbali: kirefu, cha kawaida, kifupi, na kingine kifupi zaidi kilichoitwa Bantam, tofauti ikiwa nusu inchi kati ya kimoja na kingine. Unafungua bolti moja ndefu ndani ya kitako, unaweka kinachomfaa askari wako.

Bunduki ya binamu ni CZ 550 ya .375 H&H, risasi iliyobuniwa mwaka 1912 na ambayo mpaka leo ndiyo watu wengi huihesabu kuwa kiwango cha chini kwa nyati. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa akiacha kazi, mtu mrefu. Binamu si mrefu. Tukisimama pamoja ananifika sikioni, na mimi si twiga.

Usiku ule nikafungua lahajedwali. Safu za uzito, urefu wa chini, urefu wa juu, shavu linapanda au halipandi, malighafi, bei, na aina ya chuma kinachoingia. Kufikia saa saba za usiku nilikuwa na vitako kumi na vinne na nilijiona mtaalamu. Kulikuwa na MDT HNT26 ya magnesi na nyuzi za kaboni, ambayo jina lake linatokana na uzito wake wa aunsi 26, yaani kama gramu 740 hivi. Kulikuwa na At-One ya Boyds, ya mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka, inayorekebishwa kwa kubonyeza kitufe bila bisibisi. Hiyo niliipenda sana kama mtu wa programu, ila mbao za namna hiyo ni nzito. Kulikuwa na Hunter 700 ya Magpul, ya plastiki ngumu yenye alumini ndani, ambayo urefu wake hubadilishwa kwa vipande vinavyopachikwa nyuma, kutoka inchi 13 hadi 15.

Asubuhi nikamwonyesha binamu kwa majivuno. Akatazama kimya, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho, ile ambayo mimi niliijaza kwa haraka kwa sababu sikuelewa umuhimu wake.

"Hivi vyote ni vya Remington."

Karibu vyote. Kitako huchongwa ndani kulingana na chuma cha bunduki fulani, na soko limejaa vya Remington 700 kwa sababu ndiyo bunduki ambayo Wamarekani wengi huifungua na kuibadilisha. CZ ya .375 ina chuma kirefu kuliko hizo za kawaida. Kile cha nyuzi za kaboni kisingeingia, cha Magpul kisingeingia. Cha faibaglasi nilichokipata kinachoingia hakikuwa na marekebisho yoyote, na duka lenyewe halikutuma mizigo nje ya Marekani. Ni sawa na kukaa usiku kucha ukilinganisha maktaba za msimbo kisha kugundua kwamba mradi wako umeandikwa kwa lugha nyingine. Nimewahi kufanya hivyo pia. Tusiongee.

Basi nikarudi nyuma kwenye swali lenyewe. Kwa nini chepesi? Binamu akasema mikono inachoka, wanatembea kilomita nyingi, bunduki ni kilo 4.2. Inaeleweka. Lakini somo la fizikia la kidato cha tatu likanisumbua. Risasi ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma, na kadiri bunduki ilivyo nyepesi ndivyo inavyorudi kwa kasi. Nikaandika skripti ya Python ya mistari kama 40. Risasi ya gramu 19.4 ikitoka kwa mita 770 kwa sekunde, pamoja na gesi ya baruti ya gramu 4.9 inayotoka kwa kasi kubwa zaidi, inampa mtu msukumo wa kama 22 katika vipimo vya kilo na mita. Ukiugawa huo kwa uzito wa bunduki unapata kasi, kisha nishati.

Kwa kilo 4.2, teke ni kama jouli 58. Chukua mtungi wa maji wa lita 10, uudondoshe kutoka karibu sentimita 59: nishati ya mtungi huo ukifika chini ndiyo hiyo, na huku inafika begani. Ukitoa gramu 400, yaani ukiweka kitako cha kaboni, inapanda hadi 64. Ukiongeza gramu 300 inashuka hadi 54. Bunduki ya kawaida ya .308 yenye kilo 3.6 haizidi sana 22. Kwa hiyo binamu alikuwa akiomba teke la .375, ambalo tayari ni mara mbili na zaidi ya lile la kawaida, liongezwe kwa sehemu moja ya kumi.

Nikamwambia. Akasema, "Nipatie tu chepesi."

Hapo ndipo nilipaswa kuuliza zaidi. Badala yake nikasema kwanza tupime, tujue urefu wake halisi, ndiyo tuzungumze na maduka. Mafundi wa bunduki wa London walikuwa na bunduki maalum ya kupimia tangu karne ya kumi na tisa, yenye kitako cha bawaba na skrubu, isiyo ya kuulia kitu. Mimi nikachukua ubao wa saipresi uliobaki tulipojenga banda la kuku, nikaukata umbo la kitako, nikatoboa mashimo nyuma ili kipande cha begani kisogezwe mbele na nyuma na kukazwa kwa bolti mbili. Mbele nikagongomea bomba fupi la plastiki mahali darubini ingekaa. Ulikuwa ubaya mtupu. Mama aliuliza kama ni mbuzi wa kukunia nazi.

Tulipima saa kumi na mbili asubuhi, uani. Binamu anafumba macho, anainua ubao begani kwa mazoea, anafumbua. Kama jicho halioni katikati ya bomba, tunasogeza. Tulirudia mara ishirini hivi, nikiandika kila kipimo. Jibu likatulia kwenye sentimita 32. Bunduki yake ni 36. Sentimita nne nzima! Nilifurahi kama mtu aliyeona kosa kwenye mstari wa pili wa programu.

Siku ya tatu tukapanda matatu kwenda Bungoma, kwa sababu pale kuna fundi mmoja mzee aliyefundishwa kazi na mjomba kabla hajavuka mpaka, na nilitaka atutengenezee sehemu ya shavu vizuri. Ubao niliubeba mapajani ukiwa umefungwa kwa gunia. Tulipita Kiminini salama. Mbele kidogo, kizuizi cha polisi. Afisa akachungulia, akaona gunia lenye umbo lile, akaniambia nishuke taratibu.

Nilishuka. Abiria wote wakawa wananitazama kama mtu ambaye watamsoma kwenye gazeti kesho. Nikafungua gunia mikono ikitetemeka, nikaeleza: ni ubao, ni kipimo, binamu yangu ni mwindaji Tanzania, mimi ni mtu wa kompyuta. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyosikika kama uongo. Akaja mwenzake, mwanamke, mfupi kama binamu, amebeba G3 ambayo ina zaidi ya kilo nne na kitako kisichosogea hata kidogo. Akauchukua ubao, akautazama mashimo yake, akauliza hii inasogezwaje. Nikamwonyesha. Akampa mwenzake bunduki, akauweka ubao begani, akasogeza tundu moja, tundu la pili, la tatu.

"Hapa," akasema. "Kumbe."

Akaushikilia pale kwa muda, shavu limelala, jicho limetulia kwenye bomba la plastiki, akitazama mahindi ya watu. Kisha akanirudishia, akachukua G3 yake, akatuambia twende. Sijui kwa nini, lakini sijamsahau.

Njia ya Webuye inapita chini ya kilima cha Chetambe. Nikamwonyesha binamu, maana yeye hakukulia hadithi hizo: hapo ndipo Wabukusu walipopigana na Waingereza mwaka 1895, na sehemu ya ugomvi ilikuwa bunduki ambazo Waingereza walitaka zirudishwe. Binamu akageuza shingo kukitazama mpaka kilipopotea. Akasema baba yake hakuwahi kumwambia.

Bungoma iko chini kuliko Kitale kwa karibu mita 500, na jua la saa nane mchana la Januari pale halina mzaha. Karakana ya fundi ina paa la mabati. Binamu akavua jaketi, akavua na sweta, akabaki na shati. Tukarudia kupima ili fundi aone. Na hesabu ikakataa. Sentimita 33 na nusu. Tena 33 na nusu. Nikadhani bolti zimelegea. Fundi ndiye aliyecheka akanyoosha kidole kwenye sweta na jaketi lililotundikwa msumarini. Asubuhi ya Kitale, mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, binamu alikuwa amevaa unene wa sentimita moja na nusu kati ya bega na ubao. Huko anakowinda anavaa shati moja. Nilikuwa nimepima kwenye mazingira yasiyo ya kazi, kosa ambalo huwa nawagombeza wanagenzi wetu ofisini kila wiki. Tungekata bunduki kwa kipimo kile, ingekuwa fupi, na mbao hairudishwi kwa Ctrl-Z.

Fundi akatengeneza sehemu ya shavu inayopanda kwa skrubu, kwa tupa ambayo alisema mjomba alimwachia. Tukaona shavu linahitaji kupanda karibu sentimita mbili. Hapo nikaelewa kovu. Binamu ana kovu dogo juu ya nyusi ya kulia, na wote tulijua ni la darubini. Kitako kikiwa kirefu mno, huwezi kukikaza kwenye kile kibonde cha bega. Kinakaa nje, karibu na mkono. Shavu nalo halina pa kulala, shingo inajinyoosha mbele kutafuta darubini. Ukifyatua, bunduki inakuja bila kizuizi, na ukingo wa darubini unakata nyusi.

Nilitaka video. Simu yangu inachukua fremu 240 kwa sekunde, na nilifikiri ningeona vizuri jinsi anavyoinua. Nikamwambia afanye kama anapiga kweli, na kwa kuwa ubao hauna triga, nikasimama nyuma yake na kalamu ya kubonyeza. Nikibonyeza, "ta", ndiyo risasi.

Tukafanya mara tano. Kisha tukakaa juu ya benchi, sisi watatu, tukaitazama pole pole.

Kabla ya sauti ya kalamu, macho yanafumba. Bega linasukuma mbele na chini. Bomba la plastiki linainama kiasi cha vidole viwili. Mara zote tano. Hakuna baruti, hakuna risasi, ni ubao wa banda la kuku na kalamu ya shilingi ishirini, na mwili wa binamu ulikuwa unajikunja kama mtoto anayeona kiboko.

Hakuna aliyesema kitu. Fundi akainuka akaenda kutafuta chai, nadhani kwa makusudi.

Binamu akanieleza pale. Oktoba iliyopita, 2023, walimtuma kupiga kongoni kwa ajili ya nyama ya kambi, kwa kibali. Mita 90, mnyama amesimama ubavu, amri rahisi kabisa. Risasi ilimpata tumboni. Walimfuata mpaka giza likawafukuza. Asubuhi tai ndio waliowaonyesha mahali, na fisi walikuwa wametangulia. Alisema kitu kimoja tu kuhusu usiku ule: kwamba hakulala, alikuwa akihesabu saa ambazo mnyama yule alikuwa hai. Na bosi wake alimwambia bila kelele kwamba Julai hatamweka karibu na mteja na nyati mpaka aone anapiga sawa. Ni haki. Nyati aliyejeruhiwa tumboni haendi kufa mbali, anakusubiri.

"Baba hajui," akasema. "Nilimwambia bunduki ni nzito."

Ndiyo maana ya chepesi. Hakuwa amenidanganya mimi peke yangu, na sidhani alikuwa ameamua kudanganya. Mtu anapoogopa teke kwa miaka miwili anaanza kuichukia bunduki yote, na uzito ndicho kitu cha kwanza ambacho mdomo unaweza kukitaja bila aibu.

Niseme wazi kwamba mimi na mama hatukubaliani na kazi hii kwa namna tofauti. Mama anaona ni dhambi kuua mnyama usiyemla. Mimi nimekulia katika nchi ambayo haijaruhusu uwindaji huo tangu kabla sijazaliwa, na bado sijui nasimama wapi. Lakini kama mtu atafyatua, basi afyatue macho yakiwa wazi. Hilo sikuhitaji kulifikiria.

Jioni ile nikafuta lahajedwali lote, nikabakiza safu moja. Swali halikuwa tena kitako gani chepesi. Lilikuwa namna gani tupunguze teke na tumfanye bunduki imkae. Jibu lilikuwa na bei ndogo kiasi cha kuaibisha. Kitako kilekile cha mbao kikatwe nyuma, kiwekewe mpira mpya mnene na mpana, laini, unaosambaza teke kwenye eneo kubwa la bega, ili urefu uwe sentimita 33. Kati ya mbao na mpira viingie vipande viwili vya nusu sentimita, vya kuweka na kutoa: 33 na nusu kwa shati, 33 kwa asubuhi za baridi za Julai akiwa na sweta. Juu, kipande cha shavu cha ngozi na sifongo cha kufungwa kwa kamba. Ndani ya kitako, kwenye tundu nyuma, gramu 300 za risasi, yaani ile metali, kwa sababu uzito ni rafiki yake. Kwa maneno mengine, kitako cha kurekebisha, kizito kuliko cha mwanzo. Kinyume kabisa cha alichoniomba.

Na .22. Fundi ndiye aliyesema, akirudi na chai. Mjomba aliwaambia hivyo wateja wake zamani: mtu aliyeanza kufumba macho asiguse bunduki kubwa, apewe .22 isiyo na teke lolote, apige risasi mamia, mpaka mwili usahau.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna skripti ingeliandika. Ili kitako kikatwe, mjomba angepaswa kukikata yeye, na ili akikate angepaswa kuambiwa kwa nini. Binamu alilala siku mbili zaidi kwetu kuliko alivyopanga. Siku ya kuondoka akaniomba ile video. Nikamtumia.

Mjomba alinipigia simu mwezi Machi, jambo ambalo halifanyi kamwe, yeye ni mtu wa kupigiwa. Hakuzungumzia video. Aliuliza kipimo kilichukuliwa shati au jaketi. Nikamwambia shati, Bungoma, saa nane mchana. Akasema vizuri, maana watu wa Kitale huwa wanasahau hilo, hata wazungu walisahau. Akauliza tupa yake bado inakata. Kisha akakata simu bila kuaga, kama kawaida yake.

Binamu alipiga .22 Aprili na Mei yote katika uwanja wa shabaha. Mwishoni mwa Juni akanitumia picha ya karatasi ya .375: matundu matatu, mita 100, ungeweza kuyafunika kwa kiganja. Si kikombe cha dunia, lakini yote yalikuwa upande mmoja wa mnyama. Chini ya picha aliandika kwamba bunduki sasa ni kilo 4.5 na kwamba mikono inachoka kweli. Julai bosi alimpa nafasi ya nyuma, asogezwe mbele pole pole. Nilipomuuliza kuhusu kovu akasema halijapata ndugu.

Ubao bado uko kwa fundi Bungoma. Nilipita pale mwezi uliopita nikakuta anaubania kwenye jiliwa kukandamiza mguu wa meza uliopakwa gundi. Alitaka kunirudishia, nikamwambia auache.

Ile skripti ya teke ninayo, ni fupi na maelezo yake ni ya Kiswahili. Unajaza uzito wa risasi, kasi, baruti na uzito wa bunduki. Anayeihitaji aniandikie. Ile habari ya hifadhidata ni wiki ijayo, safari hii kweli.